Tulihitaji mtu wa kuongea, tukaletewa pingu

Hii story nimekaa nayo karibu miaka miwili. Nimeianza mara tatu kwa simu nikaifuta. Shida ni kwamba si yangu peke yangu. Ni ya bro, na yeye ndiye alilala seli, si mimi. Mwezi uliopita tukiwa tunakula akaniambia tu hivi, bila hata kuniangalia, "Andika, lakini usinitaje jina." Kwa hivyo hapa atakuwa bro, na kituo cha polisi kitakuwa kituo. Wasee wa mtaa wetu mnaojua ni wapi, kaeni nalo moyoni.

Ilikuwa Novemba 2023, wakati wa ile mvua ya El Niño iliyogeuza barabara kuwa mito. Tunaishi Eastlands, ploti ya orofa tano, sisi tuko ya nne. Bro alikuwa na miaka 26, anaendesha boda, na alikuwa hajalala kama siku nne. Mwanzoni tuliona ni poa tu, juu alikuwa na nguvu za ajabu. Anaosha pikipiki saa nane usiku. Anapigia simu watu aliosoma nao darasa la tatu. Ananiambia ana mpango wa kununua boda ishirini na kuajiri mtaa mzima. Baba akasema hiyo ni miraa. Mama akasema kuna mtu amemwombea vibaya. Mimi nikasema atatulia. Sote watatu tulikosea.

Usiku wa siku ya nne akapanda juu ya ploti, pale tunaanikia nguo, kwenye yale matangi meusi ya maji. Akafungulia mifereji yote. Alikuwa amesimama kwenye mvua bila shati, anapiga kelele kwamba maji yametiwa sumu na yeye anatuokoa. Kama hujawahi kuishi mahali maji yanakuja mara mbili kwa wiki huwezi kuelewa venye ploti nzima ilichemka. Watu walitoka na ndoo. Wengine walikuwa wanakinga maji, wengine wanamtusi. Mzee wa orofa ya tano alikuwa anafanya yote mawili.

Mama alijaribu kumwita, akakataa kushuka. Baba alimwita kwa ile sauti yake ya kutoa amri, bro akasogea karibu na ukingo. Hapo sote tukanyamaza.

Halafu akaja Mama CHP. Hivyo ndivyo tunamwita, ni mhudumu wa afya ya jamii, wale walipewa mikoba na simu Septemba ile ya 2023 na serikali ikatangaza ni zaidi ya 100,000 nchi nzima. Anakaa orofa ya kwanza, anauza maandazi asubuhi. Alipanda na slipas na mwavuli mmoja uliovunjika mbavu. Hakumwambia ashuke. Hakumuuliza ana shida gani. Alisimama mbali kidogo, akamuuliza, "Kijana yangu, pikipiki umeiacha wapi na mvua hii?"

Bro akanyamaza. Akafikiria. Akasema iko stage.

"Na umeifunika?"

"Sijafunika, mathe."

"Haiya! Si maji yataingia kwa plagi? Kesho itakataa kuwaka. Mimi niko na karatasi ya nailoni kwa nyumba, kubwa, ile nilifunikia makaa. Kuja tuichukue."

Wasee, nilikuwepo. Niliona mkono wa bro ukiachilia mfereji. Alipiga hatua kama nne kuja upande wa ngazi. Alikuwa bado anaongea juu ya sumu, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda stage kufunika pikipiki.

Ndipo tukasikia buti kwenye ngazi. Yule msimamizi wa ploti, keateka wetu, alikuwa ameenda kituoni. Simlaumu sana, maji yalikuwa yanaisha na kazi yake ni matangi. Alirudi na maafisa wawili, wamebebwa na boda mbili kwa sababu gari la kituo halikuwa na mafuta. Nauli ya hizo boda alilipa Baba. Mmoja wa hao wa boda alikuwa rafiki ya bro, wanapanga foleni pamoja kila siku.

Tochi usoni. "Wewe! Lala chini!" Bro akageuka, akakimbilia nyuma ya matangi. Sitaandika yote yaliyofuata. Rungu lilitumika. Pingu zilifungwa mikono ikiwa nyuma, na akashushwa orofa tano hivyo, huku analia, "Mama waambie mimi si mwizi. Waambie." Mama CHP alikuwa anawafuata nyuma akisema, "Afande, huyu ni mgonjwa, afande, alikuwa anashuka." Hakuna aliyemjibu. Hakuwa na cheo chochote cha kumfanya ajibiwe.

Kwenye kitabu cha OB waliandika alizua fujo. Alilala seli na watu kumi na kitu. Asubuhi Baba alipoenda, akaambiwa kuna uwezekano kijana akashtakiwa kwa kujaribu kujiua, kwa vile alikuwa ukingoni. Hapo mimi ndio nilijua kuna sheria kama hiyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ukijaribu kujiua na ubaki hai, umetenda kosa, na unaweza kufungwa hadi miaka miwili. Baba alitoka huko saa tano mchana na bro, na hajawahi kuniambia alitoa pesa ngapi. Tulikodi teksi wenyewe kumpeleka hospitali. Muuguzi aliyetupokea aliangalia kifundo cha mkono kilivyovimba, akauliza, "Huyu mmemtoa wapi, ni mgonjwa au mshukiwa?"

Alikaa wodini wiki tatu. Ugonjwa wake una jina, una dawa, na watu wengi wanaishi nao na kufanya kazi. Hayo tuliambiwa na daktari kwa dakika kumi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anatueleza juu ya presha.

Sasa ndiyo sababu, kila nikisikia watu wakibishana kama wafanyakazi wa ustawi wa jamii wachukue baadhi ya kazi za polisi, mimi siwezi kubishana kama mtu aliyesoma kitabu. Mimi nimeona wote wawili wakifanya kazi moja, kwenye paa moja, wakipishana kwa dakika mbili hivi.

Lakini sitaki kuwa yule mtu anasema karao wote ni wabaya, basi, twende nyumbani. Mmoja wa wale maafisa alikuwa rika langu. Asubuhi ile alimpa Mama kiti. Akamwambia kitu ambacho Mama hukirudia hadi leo: "Mama, sisi tukifika mahali tunajua kushika. Hiyo ingine hatukufunzwa." Alimaanisha. Alikuwa amechoka, alikuwa na buti zilizoloa kama za kila mtu, na alikuwa ameitwa afanye kazi ya muuguzi akiwa na vifaa vya kukamata mwizi. Ukimtuma mtu na rungu, pingu na bunduki, ataangalia kila shida akitafuta mahali pa kutumia rungu, pingu au bunduki.

Na tukumbuke polisi wetu walianzia wapi. Hawa wa kwanza kabisa walikuwa askari wa kampuni ya Waingereza iliyotawala huku kabla ya serikali ya kikoloni, wanalinda bohari na misafara, baadaye wakawa wanalinda reli. Jina la Kenya Police lilikuja 1920, mwaka uleule nchi ilifanywa koloni. Kazi ilikuwa kulinda mali na kuwaweka watu mahali pao. Hospitali ya Mathari nayo ilianza 1910 kama mahali pa kufungia watu walioitwa wendawazimu. Hizi ni taasisi mbili zilizozaliwa karibu wakati mmoja, na mpaka leo mlango wa moja unapitia kwa nyingine. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliwapa polisi, na hata machifu, mamlaka ya kumchukua mtu wanayeona ana matatizo ya akili wamfikishe hospitalini ndani ya saa 24. Ona hapo nani ametajwa. Afisa, chifu. Yule Mama mwenye mwavuli hayumo.

Niliamua kufanya utafiti wangu wa kishamba. Nilipita kwa majirani, orofa kwa orofa, nikiuliza swali moja: mara ya mwisho ulienda kituoni au uliita polisi, ilikuwa ni kwa nini? Sitawadanganya kwamba hii ni sayansi. Lakini majibu yalinishtua. Wengi walikuwa wameenda kuchukua abstrakti ya kitambulisho kilichopotea. Wawili waliibiwa simu. Mmoja alifungiwa nyumba na lendilodi kwa kufuli. Mmoja aliokota shosh barabarani aliyesahau kwao ni wapi. Mmoja ni kelele za jirani. Mzee wa orofa ya tano, yule wa ndoo, ndiye peke yake alisema alivamiwa na watu wenye silaha. Yaani katika ploti nzima, kwa kazi ambayo sisi hufikiria ndiyo kazi ya polisi, nilipata mtu mmoja.

Halafu kuna yule mama wa orofa ya pili. Aliniambia alimpeleka kijana wake kituoni "atishwe kidogo." Kama umekulia mtaa unajua hii kitu. Mtoto ana miaka 15, ameanza kuvuta bangi, harudi nyumbani, mzazi amechoka. Anaongea na afisa anayemjua, mtoto analazwa seli usiku mmoja ili apate adabu. Huyu wake alilala mbili. Alipotoka alikuwa na urafiki na watu ambao hangewahi kukutana nao nje. Mama yake alisema hayo akiwa anachambua sukuma wiki, hakuinua macho. Katiba yetu kifungu cha 53 inasema mtoto azuiliwe tu pale hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atenganishwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Sheria iko poa kwenye karatasi. Lakini yule mama saa mbili usiku hakuwa na karatasi, alikuwa na mtoto ananuka moshi na anamtusi. Angekuwa anajua ofisi ya afisa wa watoto iko wapi, na kama ingekuwa wazi saa hiyo, pengine angeenda huko. Alienda mahali taa huwa zinawaka.

Hiyo ndiyo siri ya kituo cha polisi, na hatuisemi sana. Kiko wazi. Usiku, Jumapili, Krismasi. Ofisi ya ustawi wa jamii inafungwa jioni. Zipo namba za simu, na namba zenyewe zinasaidia, nimezitumia: 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 1199 ya Msalaba Mwekundu ukitaka mtu wa kuongea naye. Ziwekeni kwa simu leo. Lakini mtu wa kwenye simu hawezi kupanda ngazi za ploti yetu na nailoni ya makaa.

Baba yangu hakubaliani na mimi. Nimwandike hapa pia, juu tukibishana nyumbani huwa ananishinda kwa kelele. Yeye husema, "Na kama angekuwa na panga?" Ni swali zuri. Mama CHP ana miaka zaidi ya hamsini na magoti yake yanauma. Kama bro angekuwa na panga, mimi mwenyewe ningetaka polisi wawepo. Ila ningetaka wakae chini kwa geti, wanaitwa wakihitajika, na anayepanda kwanza awe mtu anayejua kuongea. Sasa hivi ni kinyume. Anayejua kuongea anasukumwa kando na wenye silaha wanaanza.

Wengine watasema haya mawazo tumeyaokota Marekani, zile kelele za 2020 baada ya George Floyd kuuawa, za kupunguzia polisi bajeti. Kwanza, huku kwetu huwezi kupunguza mafuta ambayo hayapo. Baba ndiye alilipa boda, kumbukeni. Pili, hata huko hili jambo halikuanza 2020. Kuna mji unaitwa Eugene, jimbo la Oregon, ambako kliniki moja ilianzisha timu za watu wawili tangu 1989. Mmoja mhudumu wa matibabu, mwingine mtu aliyefunzwa kutuliza watu walio kwenye msukosuko, wanazunguka na gari bila silaha. Mtu akipiga simu ya dharura na si uhalifu, wanatumwa hao. Walifanya hivyo zaidi ya miaka 30, na miji mingine ikaiga, Denver ikaanzisha yake 2020. Halafu Aprili 2025 ile huduma ya Eugene ikasimama. Pesa. Hata kitu kinachosifiwa dunia nzima kinaweza kuzimika hivyo tu, kama taa ya tokeni. Mimi hiyo sehemu ndiyo inanitisha kuliko swali la panga.

Uingereza wao walikuja kwa mlango mwingine kabisa. Polisi wenyewe ndio walilalamika. Kikosi cha Humberside kilianza 2020 kusema, wito wa mambo ya afya ambapo hakuna uhalifu wala hatari ya maisha, sisi hatuji, watu wa afya waende. London ikafuata 2023. Sasa hapo kuna mtego. Polisi wakijitoa na hao wengine hawajaajiriwa, mtu anabaki kwenye paa peke yake. Huwezi kumtoa mmoja kabla hujamleta mwingine.

Na kuna mahali ambapo msimamo wangu mwenyewe unanishinda. Dada mmoja wa ploti jirani alipigwa na mume wake hadi jino likatoka. Alienda kituoni saa sita usiku. Akaambiwa, "Hayo ni mambo ya nyumbani, rudini mkaelewane." Fikiria hilo. Bro alihitaji mazungumzo akapewa pingu. Huyu alihitaji mtu akamatwe, akapewa ushauri nasaha. Kwa hivyo mtu akiniambia mizozo yote ya kinyumbani ihamishiwe kwa watu wa ustawi, mimi nasema hapana, pole pole hapo. Kuna wanaume wengi sana wangefurahi kusikia kwamba kumpiga mke sasa si kazi ya polisi. Pale kwa dada yule nataka gari la polisi, lenye mafuta, na mtu aondoke amefungwa. Mfanyakazi wa ustawi namtaka asubuhi yake: huyu dada atalala wapi, watoto wataendaje shule, kodi italipwa na nani. Hizo kazi polisi hawaziwezi, na hata hawajifanyi wanaziweza.

Pia tusiwafanye hawa watu wa ustawi malaika. Wana uwezo wa kupendekeza mtoto atolewe kwa mamake. Wana fomu. Mkenya akipewa fomu na muhuri, unajua wenyewe. Ukimpa pingu na kitabu cha OB, umetengeneza karao mwingine mwenye sweta. Uzuri wa Mama CHP usiku ule ulikuwa ni kwamba hakuwa na kitu cha kumtisha bro nacho, alikuwa na nailoni tu. Sijui utaandikaje hiyo kwenye sheria.

Lakini kuna mambo yanaandikika. Januari 9, 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kile kifungu cha 226 kinakiuka Katiba, kwamba kinamfanya mgonjwa kuwa mhalifu kwa sababu ya afya yake. Walioenda kortini ni pamoja na Tume ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nilimsomea Baba habari hiyo kutoka kwa simu. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ningejua ningengoja." Alikuwa anaongea juu ya zile pesa.

Kwa hivyo kisu kimoja kimetolewa mkononi mwa kituo. Bado nani ataitwa. Jopo la serikali lililoongozwa na Profesa Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Tangu hapo mtaani kwetu hakuna namba mpya ya kupiga ikaleta mtu mlangoni. Na nikichimba, naona sababu moja inayochosha kusema: afya iko chini ya kaunti, polisi wako chini ya serikali kuu. Ukiitisha gari moja la watu wa afya litumwe pamoja na simu za polisi, umeomba serikali mbili zishiriki bajeti. Sisi tunajua zinavyoshirikiana. Uliza Mama CHP kuhusu malipo yake. Ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu inatoka kaunti, nusu serikali kuu. Kuna miezi anapata, kuna miezi anapata nusu, kuna miezi maandazi ndiyo yanalipa kodi.

5,000. Ndiyo tunataka apande paa usiku kwenye mvua, aokoe mtu, halafu asubuhi aamkie unga.

Mimi nikipewa nafasi nisingeanza na mpango mkubwa wa nchi nzima na uzinduzi na tisheti. Ningeanza na wodi moja ya Eastlands. Watu wawili usiku, mmoja muuguzi wa akili, mwingine mtu wa hapo anayejua majina ya watoto na stage ya kila mtu. Gari lenye mafuta. Namba moja. Na sentensi moja ya sheria inayosema, kama hakuna silaha na hakuna uhalifu, hao wawili ndio wakubwa kwenye eneo, na afisa wa polisi akifika anawasikiliza wao. Hiyo sentensi ndiyo naitaka kuliko gari. Kwa sababu usiku ule tulikuwa na mtu sahihi. Alikuwa ameshafika, kabla ya kila mtu, bila mafuta ya serikali. Tulichokosa ni mtu wa kuwaambia wale wawili, "Ngojeni hapo kwa ngazi."

Bro yuko sawa siku hizi. Anakunywa dawa, amerudi kwa boda. Kifundo cha mkono wa kulia humsumbua kukiwa na baridi, na huo ndio mkono wa mafuta kwa pikipiki. Akiona polisi wamesimamisha magari mbele anageuka, hata kama ana kila karatasi. Mara mbili amekosa kliniki kwa sababu barabara ya kwenda huko ilikuwa na kizuizi. Alirudi nyumbani na kutuambia foleni ilikuwa ndefu. Tulijua tu baadaye.

Nilimpa asome hii kabla sijaiweka. Alisoma yote, pole pole, kidole kwa skrini. Nilidhani atakasirika juu ya ile sehemu ya boda ishirini. Akacheka hapo. Halafu akarudi juu, akanionyesha mstari mmoja.

"Umeandika nilikuwa bila shati."

Nikamwambia ndivyo ninavyokumbuka.

"Nilikuwa na shati. Ile ya bluu. Ilichanika wakinishusha."

Nikabisha kidogo. Mama alikuwa jikoni, anatusikia. Hakusema kitu. Aliingia chumbani, akakaa huko kidogo, akarudi na mfuko wa karatasi. Shati ilikuwa ndani, imefuliwa na kukunjwa. Mkono mmoja umetoka begani na vifungo vya mbele havipo, vyote isipokuwa kimoja cha juu.